Kidole cha Mzee Pandashuka

Kwa miaka thelathini na moja mzee huyu alilipwa mshahara kwa ajili ya kidole kimoja, cha shahada, mkono wa kulia. Alikuwa mwendesha lifti katika jengo la ofisi za serikali lenye ghorofa tisa, na kila aliyewahi kutafuta mhuri au sahihi humo ndani anamjua kwa jina la Pandashuka. Jina lake la kwenye kitambulisho nililiona mara moja tu, nilipokuwa najaza fomu za mkewe wodini. Nilipolitamka kwa sauti, mkewe aligeuka kutazama mlangoni aone nani anaingia.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na mzee nilimfahamu kabla ya yote haya. Nilipomaliza chuo nilipanda lifti yake siku nne mfululizo nikifuatilia cheti. Ilikuwa lifti ya zamani, ya mlango wa vyuma vinavyokunjwa, naye alikaa kwenye stuli ya mbao ubavuni mwa vitufe, kofia imenyooka, viatu vinang'aa kuliko vya wakubwa aliokuwa anawapandisha.

"Ghorofa ya ngapi, binti?"

"Ya tano, shikamoo."

"Marahaba. Ya tano wamekwenda kunywa chai. Nakushusha ya nne, kuna benchi lina feni. Wakirudi nitakufuata."

Na kweli alinifuata. Ndivyo alivyokuwa. Alijua nani yuko ofisini na nani ameacha koti kwenye kiti ili aonekane yupo. Mlango ukifungwa alisema, "Tumeenea? Twende," hata kama ndani mko wawili. Abiria akinyoosha mkono ajibonyezee, alimtazama kwa huruma na kumuuliza, "Wewe ukienda kwa kinyozi huwa unajinyoa?"

Kitu kimoja hakukivumilia: taa. Pale kwenye vitufe kila ghorofa ilikuwa na kitaa chake, na mtu akiita lifti kitaa kiliwaka. Mzee akikiona kinawaka hakai vizuri, anakatisha hadithi katikati na kubonyeza. "Taa ikiwaka, mtu anasubiri," alituambia. "Na mtu hasubirishwi." Miaka thelathini na moja hiyo ndiyo ilikuwa dini yake ya kazini, na sikuwahi kusikia mtu akiilalamikia.

Kisha serikali ikang'oa lifti ile, ikaleta mpya inayojifungua na kujifunga yenyewe. Mzee alipewa saa ya ukutani na kupigiwa makofi. Wanasema alipoiona lifti mpya aliizunguka, akatafuta mahali pa kuweka stuli, akakosa. "Haya," akasema, "sasa kila mtu na kidole chake."

Miaka saba baadaye alimleta mkewe kwetu.

Mama huyu alikuwa mpiga chapa wa ghorofa ya saba enzi zake, mnene, mcheshi, ulimi mkali kama wembe. Walimtoa kipande cha utumbo kilichoota uvimbe, na kidonda kilianzia chini ya kifua kikapita kitovu. Uvimbe haukuwa mbaya. Lakini kidonda cha namna hiyo kina ujanja wake: kila ukivuta pumzi kinauma, kwa hiyo mtu anavuta pumzi nusu nusu, hakohoi, hajigeuzi, na siku ya tatu kifua kinajaa na nimonia inaingia. Nimeona watu waliopona kisu wakaondoka na kifua.

Ndiyo maana daktari wa usingizi alimfungia pampu ya dawa ya maumivu. Ni mashine ndogo kuliko redio, inaning'inia kwenye nguzo ya dripu. Ndani yake kuna bomba la mofini, dawa kali ya maumivu, lililofungiwa kwa ufunguo, na pembeni unatoka waya wenye kitufe mwishoni. Mgonjwa akisikia maumivu anabonyeza, inamwingia dawa kidogo. Baada ya hapo mashine inajifunga dakika kumi, na ndani ya dakika hizo hata ubonyeze mara mia haitoi kitu. Dakika kumi zikiisha, kitufe kinawaka taa ya kijani: niko tayari.

Usalama wake wote uko kwenye usingizi. Dawa ikianza kumzidi mgonjwa, analala. Akilala, kidole kinalala naye, na mashine inatulia mpaka aamke. Mashine haina akili, akili iko kwenye kidole cha mwenye maumivu. Hayo nayajua kama ninavyojua jina langu, na ndiyo maana kinachofuata bado kinaniuma.

Siku ya upasuaji, jioni, mama alipozinduka vizuri, nilimwekea kitufe mkononi nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyooshea mumewe ule waya.

"Shika wewe. Ndiyo fani yako."

Tukacheka wote watatu. Mzee aliushika, akaupima mkononi kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Nami nikauchukua kwa utani, nikaurudisha kwenye kiganja cha mama, nikaenda zangu. Kuna kikaratasi cha kubandika kwenye pampu, kimeandikwa kwa herufi kubwa: MGONJWA TU NDIYE ABONYEZE. Kilikuwa mfukoni mwangu. Plasta ya kubandikia ilikuwa imeisha, nikasema nitakibandika nikipata plasta nyingine. Kumwambia mzee usoni, "Wewe usiguse kabisa," sikumwambia. Nilidhani kicheko kimetosha.

Kesho yake mchana waliletwa wagonjwa wawili kwa mpigo kutoka chumba cha upasuaji, mmoja anatapika, mwingine anavuja damu. Mama wa lifti nilitakiwa kumpima kila saa. Nilimpima saa nane, nikarudi saa kumi na nusu.

Nilimkuta mzee amekaa wima kando ya kitanda, kofia magotini, uso umejaa raha. Akaweka kidole mdomoni pake kuninyamazisha.

"Shh, sista. Kalala vizuri kweli. Alikuwa anaguna usingizini, sasa hata kuguna hamna."

Nilimtazama mama. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikaweka mkono kifuani kwake, nikatazama saa yangu, nikahesabu. Pumzi saba kwa dakika, na ya saba ilichelewa kiasi kwamba nilidhani haiji.

Sikumbuki vizuri mpangilio wa yaliyofuata, mikono ilifanya yenyewe. Nilisimamisha pampu, nikafungua oksijeni, nikaipiga ngumi kengele ya dharura ukutani. Nikamsugua mfupa wa kifua nikipiga kelele, "Mama! Fumbua macho! Vuta pumzi, mama, vuta!" Akavuta moja. Nikamwambia tena, akavuta nyingine. Huku nikabonyeza kumbukumbu za mashine: kuanzia saa nane na dakika kumi, kila dakika kumi, bila kukosa hata moja, kitufe kilikuwa kimebonyezwa. Mara kumi na nne. Mashine haikuwa imekataa hata mara moja.

"Nani kabonyeza?"

"Mimi," akasema mzee. Alikuwa amesimama, bado hajaelewa, na Mungu anisamehe, alisema kwa fahari. "Taa ikiwaka tu, nabonyeza. Sikumsubirisha hata mara moja, sista."

"Umetaka kumuua mkeo!" nikamkemea. "Toka! Toka nje, usiguse kitu!"

Wodi nzima ilisikia. Mzee alitazama kidole chake, akamtazama mkewe, akatoka kinyumenyume. Kofia ilibaki sakafuni.

Daktari wa usingizi alifika mbio, akampa mama dawa ya kuzindua. Ile dawa haina subira, inafuta mofini yote mara moja, na maumivu yote yaliyokuwa yamezuiliwa yanarudi pamoja. Mama alifumbua macho na kupiga yowe ambalo lilifika mpaka kwenye korido. Alikuwa hai. Nilitaka kufurahi lakini yowe lile lilinikata maini, kwa sababu nilijua nani mwingine analisikia.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa na shida mpya. Daktari alikuwa amepunguza kipimo cha pampu na kuiwasha upya, maana mashine haikuwa na kosa. Mama akakataa kuigusa.

"Kitufe hicho sikigusi," alisema kwa pumzi fupi fupi. "Jana kimetaka kunizika. Kipeleke kwa wenzio."

Alilala kama gogo, meno yameumana, mikono yote miwili imeshika shuka. Kukohoa hataki, kugeuka hataki. Daktari aliweka kipimo masikioni, akasikiliza mgongo wake, akanivuta pembeni. Kifua kilikuwa kimeanza kukoroma upande wa chini, kulia.

"Mpaka saa sita," alisema. "Asipoitumia naitoa, turudi kwenye sindano za saa kwa saa."

Sindano zile nazijua. Mgonjwa anapata nafuu saa tatu, analia saa tatu. Kwa kifua kile hatukuwa na saa tatu za kupoteza.

Nilitoka kwenda kumtafuta mzee. Alikuwa kwenye benchi la korido, mbele ya lifti ya hospitali, na shati ni lile la jana. Mkono wa kulia alikuwa ameukalia. Mlango wa lifti ulifunguka na kufungwa mbele yake, watu wanaingia, wanajibonyezea, wanapotea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakugeuka. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Ana hasira."

"Basi yuko hai," akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za mofini na pumzi, lakini yeye ndiye aliyeanza kusimulia.

"Alikuwa anaogopa lifti, unajua? Alipoajiriwa, miezi miwili alipanda kwa ngazi. Ghorofa saba, kwa miguu, na viatu vya kisigino. Mimi namwona asubuhi analowa jasho, roho inaniuma. Siku moja nikamwambia, bibie, ingia, mimi nipo. Akasema nitakufa humo. Nikamwambia, funga macho, hesabu pole pole mpaka saba, ukifika saba umefika kazini. Akafunga macho. Akanishika hapa." Akagusa mkono wa shati. "Alipofika saba nikafungua mlango. Toka siku hiyo hakupanda ngazi. Na siku nilipomposa nikamwapia. Wenzangu waliahidi nyumba, mimi nilikuwa sina nyumba. Nikamwambia, ukiolewa na mimi, kitufe hutabonyeza maisha yako yote. Hata swichi ya taa ya chumbani mpaka leo nazima mimi."

Mazoea yana taabu, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanye nini mazoea yenyewe yanapokuwa ni mapenzi. Nilikaa pale nikaona haya. Jana nilimwita muuaji mbele ya watu, wakati mimi niliyejua hatari sikuitamka, na aliyeambiwa na mkewe "shika wewe" alikuwa amefanya alichofanya maisha yake yote.

Nikatoa kikaratasi mfukoni, kimekunjamana.

"Mzee, hiki kilitakiwa kiwe kwenye mashine tangu juzi. Kilikuwa kwangu. Kosa ni langu kabla halijawa lako, na jana nilikupigia kelele kwa sababu niliogopa. Nisamehe."

Alikisoma taratibu, midomo inacheza. Mgonjwa tu ndiye abonyeze. Akakisoma tena.

"Kumbe ile taa haimaanishi mtu anasubiri."

"Hapana. Inamaanisha mlango uko wazi. Kuingia au kutoingia ni juu yake mwenyewe."

"Ningejua..." Akaniomba plasta.

Tuliingia pamoja. Mama alimwona, akageuza uso ukutani. Mzee alibandika kikaratasi kwenye pampu, akakilainisha pembe zote nne kwa dole gumba, akaja akasimama kando ya kitanda, mikono nyuma kama askari wa gwaride.

"Bibie."

Mama aliendelea kuutazama ukuta.

"Bibie, nimekukosea. Nilitaka usiumie, nikakaribia kukupoteza. Nipige, nitukane, lakini nisikilize kwanza."

"Nakusikia. Masikio hawajakata."

"Kohoa."

"Kinauma."

"Mapenzi kikohozi, mama watoto. Kohoa nione kama bado unanipenda."

Mama alitaka kucheka, kidonda kikamkumbusha, akaguna kwa uchungu mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Niliona bega la mzee likishtuka, mkono wa kulia ukachomoka nyuma ya mgongo na kwenda nusu ya njia. Kitufe kilikuwa pale juu ya shuka, taa ya kijani inawaka. Aliutazama mkono huo, kisha akaushika kwa mkono wa kushoto na kuurudisha nyuma. Nina miaka kumi na tisa kazini na nimeona watu wakijizuia mambo mengi, lakini kujizuia kama kule sijakuona.

"Bonyeza wewe," mama akasema, sauti imelegea. "Uliahidi."

"Niliahidi. Hii ahadi naivunja leo, mbele ya sista." Akaikaza mikono nyuma ya mgongo. "Mimi siyajui maumivu yako. Nilidhani nayajua. Wewe tu ndiye unayejua uko ghorofa ya ngapi."

"Naogopa."

"Najua. Hata ile siku uliogopa. Funga macho. Mimi nipo hapa. Ukibonyeza, hesabu mpaka saba, kila namba pumzi moja, ndefu. Ukifika saba mwambie sista umefikia wapi."

Mama alimtazama. Kisha mkono wake uliachia shuka, ukatambaa, ukakipata kitufe. Alifumba macho. Kidole kilisita. Akabonyeza, pampu ikalia mlio wake mdogo.

"Moja," akasema mzee.

Mama akavuta pumzi. Fupi.

"Hiyo ni nusu ghorofa. Mbili."

Akavuta ndefu zaidi. Ya tatu ikawa ndefu kweli. Ya tano alikunja uso, ya sita akakunja kidogo, na walipofika saba walianza upya, kwa sababu mofini haina haraka kama lifti. Walipanda na kushuka hivyo karibu robo saa, mzee akitaja namba na mama akivuta pumzi. Kisha mama akakumbatia mto tumboni kama nilivyomfundisha, na akakohoa. Kikohozi kizito, cha kutoka chini, kibaya kusikia na kizuri kuliko muziki. Mzee alinitazama, nami nikatikisa kichwa kumkubalia. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Siku nne zilizofuata mzee alikaa kwenye kiti kile kile. Kila taa ya kijani ilipowaka, alikalia mkono. Nilikuwa nikipita namwona, ananionyesha kwa kichwa: nimeukalia. Siku ya tatu mama alitembea mpaka dirishani. Siku ya nne pampu ilitolewa. Siku ya sita daktari alisaini karatasi ya kwenda nyumbani na kumwambia asinyanyue kitu kizito, na mama akauliza kama mume anahesabiwa.

Niliwasindikiza. Mzee alibeba mfuko wa nguo kwa mkono wa kushoto, mkewe akamshika mkono wa kulia, juu ya kiwiko, mahali pale pale mzee alipopagusa siku ile kwenye benchi. Lifti ikafunguka. Tukaingia watatu. Mzee, bila kufikiri, alikwenda kusimama ubavuni mwa vitufe, akavua kofia, akaivaa tena vizuri. Kidole kikainuka.

"Sogea," mama akamwambia.

Alisogea. Hakuwa na mahali pa kuweka mikono, ikawa inaning'inia tu. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kusimama upande ule wa lifti, na ilionekana.

Mama alivipitia vitufe kwa macho, kimoja baada ya kingine, kama anasoma barua. Akanyoosha kidole chake kinene cha mpiga chapa.

"Tumeenea?" akauliza.

Mzee alimshika mkewe mkono wa nguo, akafumba macho.

"Twende," akasema mama, akabonyeza.

Na katika ule ukimya wa kushuka nikamsikia mzee, polepole, chini ya pumzi yake, anahesabu mpaka saba.